MATUNZO NI DENI LA MTOTO

Talaka humtenga mume na mke. Haimtengi baba na mwanawe. Jambo hili twalijua tangu chuoni, kwani Sura ya Baqara imebainisha kuwa chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye ni juu ya baba, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo. Hata hivyo, wapo miongoni mwetu wanaume ambao wakimwacha mke huwaacha na watoto.

Sheria haikukaa kimya. Mwanamke Muislamu aliyeachwa ana haki ya kudai matunzo ya wanawe katika Mahakama ya Kadhi. Aidha, Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Na. 6 ya mwaka 2011, imeweka Mahakama ya Watoto, na inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya umri wa miaka 18. Kabla ya kufika huko, shauri huweza kupelekwa kwa sheha au kwa afisa wa ustawi wa jamii, wazazi wakaafikiana kiasi cha fedha na siku ya kulipa.

Kasoro huanza baada ya kuafikiana. Baba hulipa mwezi wa kwanza, wa pili hutoa nusu, wa tatu haonekani. Mama hutoka Makunduchi hadi mjini kuzifuata fedha hizo, akaambiwa arudi wiki ijayo. Safari mbili tu, nauli imekwisha kula maziwa ya mtoto.

Hali ni nzito zaidi kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Sheria ya mwaka 1985 ilimtishia kifungo mwanamke aliyepata mimba bila ya ndoa. Kifungo hicho kiliondolewa mwaka 2005, lakini khofu na aibu zingalipo, na mwanamume husitirika kwa kimya cha mwanamke. Hatuhalalishi zinaa. Suala la nasaba na mirathi lina wanazuoni wake. Njaa ya mtoto haina subira. Haifai kosa la watu wawili kulipwa na wa tatu asiyekuwapo.

Kwa hiyo tunawahimiza wahusika. Kila makubaliano yaandikwe na yatiwe saini mbele ya afisa. Malipo yapitishwe kwa simu, ili mama aepukane na nauli na ushahidi ubakie. Mwenye mshahara akikaidi amri ya mahakama, akatwe kabla hajaupokea. Mvuvi na mkulima wa karafuu wapangiwe kwa kufuata misimu yao, kwani kumdai mtu asichokuwa nacho ni kumfundisha kukimbia. Na baba aliyepungukiwa aende mwenyewe kueleza, asingoje kuitwa.

Kina mama nao wasimzuie mtoto kuonana na baba yake kwa sababu fedha zimechelewa. Mtoto si rehani.

Mwisho, tunawakumbusha viongozi wa Chama na Serikali, kuanzia shina hadi juu, kwamba wao ndio wa kwanza kutazamwa. Kiongozi aliyemtupa mwanawe hana uso wa kuwahimiza wengine. Naaanze kwa kulipa deni lake, ndipo asimame kuhutubia.