Maoni Yetu: Afundishwe Kusema Kabla ya Kuchoma

Mwanafunzi wa uuguzi anayepelekwa Palma au Mocímboa da Praia, mkoani Cabo Delgado nchini Msumbiji, kujifunza kazi amefundishwa kuchukua damu kwa Kireno. Mgonjwa anayemnyooshea mkono anasema Kimwani, Kiswahili, Kimakonde au Kimakua. Tunasema wazi: asiyeweza kumweleza mgonjwa huyo, kwa lugha anayoielewa, damu yake inakwenda kupimwa nini, bado hajafuzu kazi hii, hata kama hakosi mshipa.

Katika pwani hii, hilo si jambo dogo. Hofu ya mumiani, mtu anayedaiwa kunyonya damu za wenzake, ni ya zamani na haijafa. Mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu ulienea Malawi, watu wakauawa na makundi yenye hasira, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake Mulanje na Phalombe. Hapa Cabo Delgado, wahudumu wa afya wamewahi kushambuliwa kwa kuvumishiwa kwamba wao ndio wanaoleta kipindupindu. Ongeza vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, hospitali ya mji huo iliyoharibiwa, shambulio la Palma la Machi 2021, na familia zilizohama zaidi ya mara moja. Mtu aliyepitia hayo, akimwona kijana asiyemjua anajaza chupa tatu za damu yake kimyakimya, ana haki ya kuuliza. Asipojibiwa, atajitafutia jibu mwenyewe.

Na maelezo yenyewe si marefu. "Shikamoo, bibi. Nitakuchoma hapa mbele ya kiwiko. Damu ya chupa hii haijazi kijiko cha chai. Tunataka kujua kama umepungukiwa damu. Unaniruhusu?" Kisha asubiri. Bibi akikataa, asiguswe. Wanafunzi waliozaliwa Ibo, Quissanga au Palma wawafundishe wenzao maneno hayo, na chuo kiyatahini kama kinavyotahini sindano.

Mkono nao una elimu yake. Mpira wa kubana mkono hufungwa vidole 4 hadi 5 juu ya pale pa kuchoma, na usikae zaidi ya dakika 1. Ngozi ifutwe kwa spiriti na iachwe ikauke; ukichoma ingali na majimaji, mgonjwa anawashwa na damu huweza kuharibika. Mshipa hutafutwa kwa ncha ya kidole zaidi kuliko kwa jicho, hasa kwa mzee aliyeishiwa maji mwilini. Sindano iingie kwa mlalo, nyuzi 30 au chini yake. Mpira ufunguliwe kabla sindano haijatoka: anayesahau hilo humwachia mgonjwa uvimbe mweusi ambao mtaa mzima utauona kesho yake. Chupa yenye dawa igeuzwe polepole, isitikiswe, na jina liandikwe palepale kitandani.

Akikosa mara mbili, ampishe mwenye uzoefu. Hapo hatukubali mjadala. Mtoto wa mkimbizi aliyelala na homa asifanywe kifaa cha mazoezi. Vyuo vipewe mikono ya bandia, na kila mwanafunzi aichome mpaka vidole vizoee.

Mwanafunzi mwenyewe alindwe pia. Apate chanjo ya homa ya ini aina ya B kabla ya kuingia wodini. Sanduku la kutupia sindano liwe karibu na mkono wake, ili asishawishike kuirudishia kifuniko. Akijichoma, aanze dawa za kinga dhidi ya VVU mara moja, maana zikipita saa 72 muda wake umekwisha. Msimamizi anayemfokea aliyejichoma anawafundisha wengine kuficha.

Kinachosahaulika kuliko yote ni majibu. Damu ikichukuliwa asubuhi na mgonjwa akaruhusiwa jioni bila kuambiwa kitu, uvumi umeshapata pa kuanzia, hata kama mwanafunzi alichoma vizuri na kusalimia kwa adabu. Kwa hiyo mwalimu asimpe alama siku ya kuchoma. Amngoje arudi kwa bibi yule na karatasi ya maabara mkononi, aketi, amweleze kwa Kimwani au kwa Kiswahili damu yake imeonyesha nini na sasa atapewa dawa gani.