BARAZA LA MWALIMU: Tundu Nililolichora Ubaoni



Mwezi uliopita, baada ya darasa la Kiswahili la watoto la siku ya Jumamosi, mama mmoja alinijia, akaniamkia, kisha akasema: "Mwalimu, kijana wangu ameambiwa shuleni kwamba joto la dunia halisababishwi na tundu la ozoni. Nami nakumbuka vizuri ulitufundisha kwamba ndilo." Mama huyu alikuwa mwanafunzi wangu huko nyumbani, mwaka 1994. Nilitamani kukana, lakini kumbukumbu yake haikuwa na kasoro. Nilisimama mbele ya ubao, chaki mkononi, nikachora dunia, nikachora utando wa ozoni, nikautoboa, na mishale ya jua nikaipitisha tunduni. Ulikuwa mchoro wa kupendeza, nao haukuwa wa kweli. Nina deni, na safu hii ya mwezi huu ni malipo yake.

Ozoni kwanza, kwa ufupi. Tabaka lile hutukinga na mionzi ya urujuanimno inayodhuru ngozi na macho. Lilichakazwa na kemikali za majokofu na makopo ya kupulizia, na tangu Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kemikali hizo zimepunguzwa mno, hata tabaka limeanza kujiponya polepole. Kemikali hizo huchangia joto pia, lakini tundu lenyewe silo mlango ambao joto la dunia limeingilia.

Joto halikuingia kwa wingi zaidi, linachelewa kutoka. Mwanga wa jua hupenya hewa, hupasha ardhi na bahari, nazo hurudisha joto hilo angani kwa mionzi isiyoonekana kwa macho. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ni kama asilimia 99 ya hewa kavu, huiacha mionzi hiyo ipite. Mvuke wa maji, hewa ya ukaa na methani huinasa, kisha huitawanya kila upande, na sehemu yake hurejea chini. Vitabu vingi huifananisha hali hii na banda la vioo la kuoteshea mboga, kama yale yaliyomo katika bustani za majirani zetu hapa Uingereza. Mfano huo siupendi sana, kwa kuwa banda lile hupata joto hasa kwa kuzuia hewa ya moto isipande na kutoroka. Afadhali blanketi. Blanketi halina moto ndani yake, ila humcheleweshea mtu kupoteza joto la mwili wake. Wala si adui: pasipo blanketi hili la asili, wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya nyuzi 15 hivi juu yake. Tatizo ni unene wake.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1856 mwanamke wa Kimarekani, Eunice Foote, aliweka mitungi ya kioo juani, akaona ule wenye hewa ya ukaa ukipata joto kuliko ule wenye hewa ya kawaida. Miaka mitatu baadaye John Tyndall, katika Royal Institution mjini London, alipitisha mionzi ya joto ndani ya mrija na kupima ni gesi zipi huinasa. Jengo hilo lingaliko katika mtaa wa Albemarle. Mzazi mwenye nafasi ampeleke mwanawe. Mwaka 1938 Guy Callendar, mhandisi wa mambo ya mvuke, alikusanya vipimo vya vituo vingi vya dunia na kusema kwamba joto linapanda na kwamba makaa ya mawe yanahusika. Yeye aliona ni jambo la heri. Mtu aliyeishi katika baridi ya nchi hii pengine asilaumiwe sana.

Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, chembe 280 hivi zilikuwa za hewa ya ukaa. Charles Keeling alipoanza kupima huko Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa karibu 315. Leo zimepita 420. Na mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyopata kupimwa, takriban nyuzi 1.5 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900.

Kijana wa mama yule aliniuliza swali zuri: twajuaje kwamba ni sisi, si jua wala volkano? Kila kiumbe hai kina kaboni-14, ambayo huoza polepole baada ya kufa. Makaa ya mawe na mafuta yamezikwa mamilioni ya miaka, hivyo hayana hata chembe yake. Mwaka 1955 Hans Suess alionyesha kwamba kaboni-14 iliyomo katika miti ilikuwa imezimuliwa na moshi wa makaa na mafuta, mfano wa maziwa yaliyotiwa maji. Tena, tabaka la juu la angahewa linapoa huku la chini likipata joto. Lau jua lingekuwa limezidi ukali, yote mawili yangepata joto.

Visababishi vingine navitaja tu: ukataji wa misitu, ng'ombe, mashamba ya mpunga na majalala yatoayo methani, na saruji. Aliyewahi kuona tanuu la chokaa likiwaka pwani ataelewa habari ya saruji, maana jiwe la chokaa likichomwa hutoa hewa ya ukaa kutoka ndani yake lenyewe, mbali na moshi wa kuni.

Nchi hii ilifungua kituo chake cha kwanza cha umeme wa makaa kwa umma, Holborn Viaduct, mwaka 1882. Cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, kilifungwa tarehe 30 Septemba 2024. Lakini gesi ingali inawaka katika nyumba zetu. Mtanzania mmoja, kwa wastani, hatoi hata nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na makaa, mafuta na gesi. Mkazi wa Uingereza hutoa kati ya tani 4 na 5, na wa Qatar, waliko baadhi ya jamaa zetu, zaidi ya 30. Basi siku nilipopanda ndege kuja huku nilihama pia upande wa mizani, na sikuwa na habari. Huniudhi kusikia baadhi yetu wakiwakaripia ndugu zao kwa simu kuhusu gunia la mkaa, huku wamevaa fulana ndani ya nyumba mwezi wa Januari. Nami nimewahi kuwa mmoja wao.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nitachora upya, dunia na blanketi lake, bila tundu. Nimemwomba mama yule aje akae darasani kando ya mwanawe.