Springi Laini Haitakupumzisha Mikono

Mtu akirudi kutoka njia za mawe na pikipiki yake ya matope, viganja vinawaka na viwiko vimekaza, ushauri anaopewa ni uleule: funga springi laini kwenye shokapu za mbele. Ushauri huo unaaminika kwa sababu ukiibonyeza pikipiki gereji inashuka kama godoro jipya. Lakini hakuna anayeendesha gereji, na huko njiani ushauri huo unaumiza watu.

Kazi ya springi ni kubeba uzito: wa pikipiki, wako na wa mzigo ulio mgongoni. Kinachopunguza makali ya pigo ni oili inayojipenyeza kwenye vali ndani ya shokapu. Pikipiki nyingi za aina hii zina shokapu zenye mwendo wa milimita 300 hivi. Springi inayokufaa hushuka milimita 70 au 80 ukishakaa, na sehemu iliyobaki ni akiba ya mawe na makorongo. Iliyo laini mno imeshashuka 120 kabla hujaondoka. Shika breki mteremkoni, pua inazama, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na jiwe linalofuata linakuta shokapu imebakiwa na mwendo mfupi tu. Inagonga mwisho, na pigo zima linaishia mabegani.

Kinachofuata ndicho kinachoniudhi zaidi. Ili pua isizame, dereva anakaza skurubu za kuzuia oili. Sasa oili haipiti upesi, na hata kokoto ndogo anaisikia vidoleni. Anarudi kwa fundi kulalamika kwamba springi bado ni ngumu, naye fundi anamfungia laini zaidi! Angefungiwa springi inayombeba, angeweza kulegeza skurubu zilezile na kokoto zingepita bila yeye kuzisikia.

Wala kuikandamiza springi kwa kifuniko cha juu hakuifanyi kuwa ngumu. Kunainua pua tu.

KTM, katika vitabu vya mwongozo vya modeli zake nyingi, hutaja springi kwa uzito wa dereva: kilo 65 hadi 75, 75 hadi 85, 85 hadi 95. Ngazi moja hadi nyingine mara nyingi ni newton 0.2 tu kwa milimita. Hakuna mahali wanapouliza kama unapenda ulaini. Mtu wa kilo 60 aliyenunua pikipiki yenye springi za mtu wa kilo 90 ashuke ngazi, tena haraka, kwa kuwa mizani imemwambia hivyo.

Funga kipande cha plastiki cha kubania nyaya kwenye bomba linalong'aa la shokapu, kisha uende ulikozoea. Ukikikuta kimesukumwa hadi mwisho kila safari, hata kwenye njia nyepesi, springi yako haikubebi. Na fundi anayetaka kukuuzia nyingine bila kukuuliza una kilo ngapi, pamoja na buti, kofia na maji ya mgongoni, usimpe hela yako.