Mapezi Yavaliwe na Wote, Kisha Yavuliwe na Wote

Katika kikundi chetu cha kuogelea, kinachokusanya wanafunzi wa vitivo mbalimbali, kuna ubishi usiokwisha kuhusu mapezi, yale ya mpira yanayovaliwa miguuni, ambayo wengi hapa Lubumbashi tunayaita palme kwa Kifaransa. Wapo wanaosema kuyavaa ni kujidanganya. Wapo wanaosema bila hayo anayeanza hukata tamaa. Mimi naona yana nafasi katika mazoezi ya pamoja, mradi yavaliwe na wote kwa muda maalumu, kisha yavuliwe na wote.

Tuyape kwanza haki yake. Mfaransa Louis de Corlieu, aliyesajili uvumbuzi wake mwaka 1933, aliyakusudia kwa kuogelea na kwa kuokoa watu. Ubapa wa pezi huongeza eneo la mguu linalosukuma maji. Mwili huinuka, nyonga hazizami, na anayejifunza hupata utulivu wa kufikiria mkono na pumzi yake. Hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa akishikilia ukuta wa bwawa.

Lakini pezi hilo hilo huficha kosa. Anayekunja magoti kama anayeendesha baiskeli, akiwa miguu mitupu hasogei, na kutosogea huko ndiko kunakomwonya. Akivaa mapezi anasogea, na kosa linabaki. Sisi wa kitivo cha lugha tunamfahamu ndugu yake: yule anayesoma riwaya huku jicho likiwa kwenye tafsiri. Kitabu anakimaliza, lugha haimwingii.

Katika kikundi tatizo huwa kubwa zaidi. Weka watu watano katika njia moja ya bwawa, wawili wakiwa na mapezi. Hao wawili watafika kwenye visigino vya walio mbele, watawagonga, watawapita. Wasio nayo wataanza kusogea pembeni, kisha kusubiri ukutani. Na nani anayo? Aliyeweza kuyanunua. Hivyo njia ya bwawa inagawanyika kwa mfuko wa fedha, si kwa uwezo wa kuogelea, na anayejiona mzigo kwa wenzake haoni sababu ya kurudi Jumamosi ijayo.

Kwa hiyo napendekeza kikundi kichange fedha na kununua jozi chache, fupi, za saizi za kawaida, ziwe mali ya wote. Njia moja ivae, nyingine isivae, kisha zibadilishane. Tuanze kupiga miguu bila mapezi, tuyavae kwa robo ya muda, na tumalize bila hayo ili mguu ukumbuke ulichojifunza. Yavaliwe na kuvuliwa ukingoni. Kutembea nayo kwenye vigae vilivyolowa ni kutafuta kuvunjika. Na anayekazwa na misuli ya mguu ayavue mara moja, pasipo kuona haya.

Mtu atauliza: kwa nini kujisumbua hivyo, wakati hatuendi kwenye Olimpiki? Kweli, kanuni za mashindano hayo hukataza mapezi, lakini hiyo si hoja yangu. Lubumbashi haina ziwa kubwa, ila sisi wenyewe tunasafiri. Tunavuka Luapula pale Kasenga, tunapanda mitumbwi Kilwa na Pweto kwenye ziwa Moero, tunakwenda Moba na Kalemie kwenye Tanganyika. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kilizama ziwani Kivu, karibu kabisa na bandari ya Kituku mjini Goma, na makumi ya watu wakafa. Sisemi kuogelea peke yake kungewaokoa; vyombo visijazwe kupita kiasi, na kila abiria apewe jaketi la kuokolea. Nasema tu kwamba anayeanguka majini huanguka na miguu aliyozaliwa nayo.

Ndiyo maana nawaomba wenzangu tukubaliane kuhusu utaratibu huu kabla ya muhula ujao. Kikundi kinapaswa kumpa kila mmoja wetu, mwenye fedha na asiye nazo, nafasi ya kufika ng'ambo ya bwawa bila kitu miguuni.