Tuipake Rangi Njia ya Kasongo

Ndugu zetu wa Kasongo na Kabambare, nanyi mlioko Kindu, Bukavu, Bujumbura na mbali zaidi,

Kule Oman, kwenye milima ya Jabal Akhdar na Jabal Shams, mgeni anaweza kutembea mchana kutwa juu ya mawe makavu asipotee. Akiinua macho anaona alama ndogo kwenye mwamba: rangi ya njano, nyeupe na nyekundu. Akiifuata anaiona nyingine mbele. Njia zenyewe nyingi hazikutengenezwa kwa ajili ya watalii. Ni vijia vya zamani vya wanakijiji na punda wao, vilivyounganisha kijiji na kijiji kabla ya magari. Leo watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kwenda kuvitembea, kisha wanateremka jangwani kulala mchangani, na pesa yao inabaki huko.

Nasi tunayo njia, tena yenye jina kubwa kuliko hizo. Ni barabara ya misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapanda milima hadi Kabambare, ikashika bonde la Lwama kwenda Kasongo na kuishia Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Msafiri Mwingereza Cameron alifika Nyangwe mwaka 1874. Msafiri mwingine, Stanley, aliondoka hapo Novemba 1876 akifuatana na mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye Kasongo ilikuwa makao yake makuu upande huu. Cameron na Stanley wote wawili waliandika vitabu. Tippu Tip naye aliacha habari za maisha yake, kwa Kiswahili. Wapagazi waliobeba mizigo yao hawakuandika, na hao ndio walioijua njia kwa nyayo.

Anayependa habari za safari ngumu asihangaike kutafuta sinema. Julai 1870 msafiri Livingstone alirudi Kabambare akichechemea, miguu yake miwili ikiliwa na vidonda, akakaa ndani ya kibanda mpaka Oktoba. Waliobaki naye katika watu wake walikuwa watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Mwaka uliofuata alikuwa Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871, watu wamejaa sokoni, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua, watu wa misafara wakafyatua bunduki. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni wakikimbilia mitumbwi. Livingstone akavunjika moyo, akageuza safari kurudi Ujiji.

Kwa hiyo tusije tukaiuza njia hii kama matembezi ya kufurahisha tu. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watu waliofungwa shingo wakapita hapa. Kibao chochote tutakachosimamisha Nyangwe kianze na wale akina mama wa sokoni, majina ya wakubwa yafuate baadaye. Huo ndio msimamo wangu, na najua kuna wazee watakaotaka kubishana nami. Wabishane, ila waje.

Ninachoomba hakihitaji kusubiri mfadhili. Tunajua salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, ni nini. Kiangazi, kati ya Juni na Agosti, kila kijiji kilichoko njiani kitoe siku zake chache: kufyeka kipande chake, kutia magogo mapya kwenye daraja, na kupaka alama kwenye mti mkubwa au jiwe, ile ile toka kijiji hiki hadi kingine. Walimu wa shule wawatume wanafunzi kwa wazee wakaulize soko lilikuwa wapi, kivuko kilikuwa wapi, kambi ya misafara ilikuwa wapi. Wayaandike hayo kwenye daftari kabla wenye kumbukumbu hawajatuacha.

Viongozi wa safari tunao tayari. Mtazame kijana anayesukuma baiskeli yenye bidoni za mawese. Hapandi, anatembea kando yake. Fimbo moja ameifunga kwenye usukani, nyingine nyuma ya kiti, na kwa hizo mbili anaushika mzigo usimwangukie mtelemkoni. Anajua gogo gani limeoza na mama gani anapika wali na sombe. Mgeni akimlipa kijana huyo kumwonyesha njia, akamlipa Mgenya, mtu wa mtoni, kwa kupiga kasia na yule mama kwa chakula, hakuna ofisi inayohitajika katikati.

Lakini tuseme ukweli. Kabambare, hasa upande wa Salamabila, imeteswa na vikundi vyenye silaha, na hakuna rangi ya mtini inayomkinga mtu. Basi tuanze na kipande cha Kasongo hadi Nyangwe, tena baada ya kuuliza wakubwa wa teritwari na machefu wa vijiji. Kipande cha Kabambare kitafuata siku wenyeji wenyewe watakaposema njia imetulia, wala tusiwaharakishe. Na wageni wa kwanza tuwe sisi. Wewe uliyezaliwa Kasongo na hujawahi kufika Nyangwe kwa miguu, unangoja Mzungu akutangulie tena?

Mlioko mbali, tumeni ndoo ya rangi na brashi. Mlioko nyumbani, ongeeni na chefu wenu kabla mvua hazijaisha, mpange siku.