Kovu linalokua halihitaji kichocheo

Mimi ni muuguzi wa chumba cha vidonda, na siku hizi wagonjwa wanakuja na vichupa mkononi. Binti mmoja aliyetoboa sikio kwa juu, kwenye gegedu, alinionyesha serumu ya shilingi elfu hamsini iliyoandikwa kwamba ina "vichochezi vya ukuaji". Nyuma ya sikio limemuota kovu gumu linalong'aa, nene kama kokwa ya zambarau, na usiku linamuwasha hadi analia. Anapaka asubuhi na jioni, asikose!

Vichochezi vyenyewe si uongo. Ngozi ikichanika, chembe sahani za damu humwaga protini kama PDGF na TGF-beta. Ndani ya ngozi kuna seli ziitwazo faibroblasti, ambazo siku zote zimetulia. Zikiguswa na protini hizo huhamia penye jeraha, huzaliana na kutengeneza kolajeni, zile nyuzi zinazoliziba. Mwaka 1997 Marekani iliidhinisha jeli ya PDGF kwa vidonda vya miguu vya wenye kisukari. Hata hiyo, ni marufuku kuipaka penye uvimbe wa saratani.

Jeraha likishafunga, amri ya protini hizo inatakiwa ikome na faibroblasti nyingi zife. Kwa mwenye keloidi, yaani kovu kama la yule binti, faibroblasti hazikomi. Kovu linavuka mpaka wa jeraha na kuingia kwenye ngozi isiyojeruhiwa. Huko maabara, faibroblasti za keloidi zikitiwa TGF-beta hutoa kolajeni nyingi kuliko zile za ngozi ya kawaida. Sasa mtu wa namna hii unamuuzia kichocheo cha nini?

Wengine hunisihi, "Sista, likate tu liishe." Kulikata peke yake ni kufungua jeraha jipya, na keloidi nyingi zilizokatwa hivyo hurudi, nyingine kubwa kuliko mwanzo. Kinachosaidia zaidi ni sindano ya dawa iitwayo triamsinoloni ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki 4 hadi 6, ambayo hupunguza nguvu ya faibroblasti. Inauma kwelikweli, inaweza kuacha doa jeupe, na haiji kwenye kichupa cha kupendeza. Ndiyo maana serumu inaishinda sokoni.

Mama wa yule binti ana keloidi kifuani, iliyoanzia kwenye kipele. Hali hii hutembea katika ukoo, na sisi Waafrika inatupata zaidi kuliko Wazungu. Mtoboaji angeuliza tu, "Kwenu kuna anayeotwa na makovu?" kabla ya kushika sindano, sikio lingepona.

Hapa Tanzania vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019. Kichupa kinachojigamba kuamsha seli kilazimishwe kuandika kina kichocheo gani, kiasi gani, na nani asipake.