Kwa Ninyi Mnaotunga Hadithi

Juma hili nasema na watungaji wa hadithi. Katika hadithi nyingi mtu mwema hana dosari, mlevi hupigwa na radi, kisha mwandishi hutuhubiria ukurasa mzima. Msomaji huchoka, maana mwisho aujua tangu mwanzo.

Fungueni Injili ya Luka, sura ya 15, mkasome habari za mwana mpotevu. Ni aya 22 tu. Bwana wetu hakuhesabu taabu zote za yule kijana; alitaja nguruwe na maganda waliyokula. Wala hakueleza kwa maneno mengi upendo wa baba. Alisema alimwona mwanawe angali mbali, akapiga mbio. Hata kaka mkubwa, aliyetoka shamba akakasirika, amepewa nafasi ya kutoa uchungu wake. Je, aliingia karamuni? Hatuambiwi. Swali hilo tumeachiwa sisi wenye ndugu tuliokosana nao.

Basi, ndugu zangu, futeni mahubiri ya mwisho. Mpeni na yule mlevi maneno yake ya kujitetea. Kisha wasomeeni wazee jioni. Wakisinzia, rekebisheni; wakianza kubishana, hadithi imeiva.